Ng'ombe Amejaa Nyasi Tumboni, Mbona Amekufa Njaa?



Mwishoni mwa kiangazi kimoja niliitwa kwenye boma moja kukagua ng'ombe aliyekufa usiku. Mzee mwenye boma alihofu kuwa ni ugonjwa wa kuambukiza. Kwanza nilitazama puani, mdomoni na kwenye njia ya haja kama kuna damu, kwa sababu ng'ombe anayeshukiwa kufa kwa kimeta hapasuliwi hata kidogo. Damu haikuwepo, wala dalili nyingine ya kimeta, basi tukampasua.

Tumbo kuu lilikuwa limejaa nyasi kavu zilizoshindiliwa, madebe kadhaa. Lakini mafuta yanayozunguka figo yalikuwa yamekwisha, yamebaki kama uteute. Uboho wa mfupa wa paja ulikuwa majimaji. Hizo ni dalili za njaa ya muda mrefu. Mzee akanitazama, akasema, "Daktari, mwanangu, tumbo hili hapa limejaa. Amekufaje njaa?"

Siku ile sikumjibu vizuri. Nilimwambia tu kwamba nyasi zilikuwa mbaya. Jibu kamili ni refu kidogo, nalo linaanza na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Mfugaji akiwafahamu hao, anaweza kuokoa ng'ombe kadhaa kiangazi kinapokuwa kirefu kama kile cha 2009 au cha 2021 hadi 2022.

NG'OMBE HAMENG'ENYI NYASI MWENYEWE

Jani la nyasi limejengwa kwa kuta ngumu. Kitu kikubwa kwenye kuta hizo kinaitwa selulosi. Selulosi ni sukari nyingi zilizoungana kama shanga kwenye uzi mrefu. Wanga wa mahindi nao ni sukari ileile, shanga zilezile, ila zimefungwa kwa fundo la namna nyingine. Fundo la wanga tumbo la mtu linaweza kulifungua, ndiyo maana tunakula ugali. Fundo la selulosi mtu hawezi kulifungua. Na ng'ombe mwenyewe pia hawezi, wala mbuzi, wala kondoo, wala ngamia.

Anayelifungua ni bakteria anayeishi ndani ya tumbo kuu, lile la kwanza na kubwa kuliko yote, ambalo wataalamu huliita rumeni. Ukichukua maji ya tumbo hilo yanayojaa kijiko kidogo cha chai, ndani yake kuna bakteria zaidi ya bilioni 10. Pamoja nao kuna viumbe wengine wadogo na aina za ukungu, wote wakisaidiana kuvunja majani.

Bakteria hana meno. Anatumia kimeng'enya. Kimeng'enya ni kitu kidogo sana kilichotengenezwa kwa protini, kinachofanya kazi kama mkasi. Kila mkasi unakata fundo la aina yake. Kwa selulosi ipo mikasi ya namna tatu inayofanya kazi kwa zamu: mmoja unakata uzi katikati, wa pili unamega vipande vifupi kutoka ncha za uzi, na wa tatu unagawanya vipande hivyo kuwa sukari moja moja.

Bakteria wanakula sukari hiyo na kutoa asidi nyepesi pamoja na gesi. Gesi ng'ombe anaicheua nje. Asidi zinapita kwenye ukuta wa tumbo na kuingia kwenye damu, nazo ndizo zinazompa ng'ombe karibu sehemu 7 kati ya 10 za nguvu zake zote. Kisha bakteria wenyewe wanasukumwa na chakula kwenda matumbo ya mbele, huko wanameng'enywa na kuwa protini ya nyama na maziwa.

Kwa hiyo, mfugaji, unapolisha ng'ombe, wa kwanza kula ni bakteria. Ng'ombe anakula kilichopita mikononi mwao. Bakteria wakifa njaa, ng'ombe naye atakufa njaa hata kama tumbo limejaa.

WATAALAMU WANAIJUAJE MIKASI HII?

Miaka ya 1940, mtaalamu wa Marekani aitwaye Robert Hungate alibuni njia ya kukuza bakteria hawa kwenye chupa zisizo na hewa, kwa sababu wakiguswa na hewa tunayovuta wanakufa. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kazi nyingine kubwa. Waliweka nyasi kwenye vifuko ndani ya tumbo la ng'ombe kwa saa 72, kisha wakachunguza vijidudu waliojishika kwenye nyasi hizo. Walipata maelekezo ya kutengeneza vimeng'enya vya kuvunja mimea zaidi ya 27,000. Wakachagua 90 na kuvitengeneza ili kuvijaribu, na zaidi ya nusu vilifanya kazi kweli.

Kila kimeng'enya kipya kinapopatikana, kinapimwa kwa maswali. Kinakata nini? Kinataka joto gani? Kinavumilia uchachu kiasi gani? Na bakteria anahitaji nini ili akitengeneze? Maswali haya manne ni ya maabara, lakini majibu yake yanafika mpaka zizini kwako.

SWALI LA 1: KINAKATA NINI?

Mkasi wa selulosi unakata selulosi. Haukati lignini. Lignini ni kile kitu kinachofanya bua liwe gumu na mti uwe mbao. Bakteria wa tumboni hawana mkasi wa kuikata. Nyasi zikiwa changa zina lignini kidogo, na mikasi inapenya kwa urahisi. Zikishakomaa, zikatoa mbegu na kukauka zikiwa zimesimama, lignini imezunguka selulosi kama saruji inavyozunguka nondo. Chakula kimo ndani, lakini mkasi haufiki.

La kufanya: kata nyasi za akiba zinapoanza kutoa maua, usingoje zikauke shambani. Zianike siku 2 hadi 3 huku ukizigeuza, kisha uzifunge. Boksi la mbao lenye urefu wa sentimita 85 hivi, upana 55 na kina 45, lililo wazi juu na chini, linatoa mzigo wa hei wa kilo 20 hivi. Hifadhi mahali pasipo na mvua wala jua kali. Mahali ambapo jamii bado inatenga malisho ya ndama na ng'ombe dhaifu, kama alalili ya Wamaasai au ngitili ya Wasukuma, utaratibu huo ulindwe. Wazee waliouweka walijua kwamba nyasi zilizopumzishwa zinafaa kuliko zilizokanyagwa.

SWALI LA 2: KINATAKA JOTO GANI?

Vimeng'enya vya tumbo la ng'ombe vinafanya kazi vizuri karibu na nyuzi joto 39, ambalo ndilo joto la tumbo lenyewe. Vikichemshwa vinaharibika kama yai linavyoganda, haviwezi kurudi. Hewa nayo ni adui wa bakteria wanaovitengeneza. Joto na kukosekana kwa hewa ng'ombe anavilinda mwenyewe, mradi ana maji ya kutosha. Sisi kazi yetu ni kutomharibia.

Tunaharibu pale tunapompa ng'ombe mkubwa dawa za antibiotiki kwa kumnywesha. Wapo wanaokoroga unga wa dawa ya kuku, au kufungua vidonge vya watu, na kummiminia ng'ombe mdomoni. Dawa hiyo haichagui. Inaua bakteria wabaya na wale wanaovunja nyasi. Ng'ombe anaacha kula, anaacha kucheua, anakonda, na mwenyewe unadhani ni ugonjwa ule ule unaendelea. Antibiotiki ya ng'ombe mkubwa itolewe kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo, na mara nyingi ni kwa sindano.

Ng'ombe aliyepoteza bakteria wake anaweza kusaidiwa kwa kunyweshwa maji ya tumbo la ng'ombe mzima aliyechinjwa muda huo huo, yakiwa bado ya vuguvugu na yamechujwa. Kazi hii mwite mtaalamu aifanye, ili maji yasiingie kwenye mapafu na ili ng'ombe aliyechinjwa ahakikishwe kuwa hana ugonjwa.

SWALI LA 3: KINAVUMILIA UCHACHU KIASI GANI?

Hapa ndipo ninapoona vifo vya kusikitisha zaidi, kwa sababu ng'ombe anauawa na huruma ya mwenyewe.

Uchachu unapimwa kwa namba. Maji safi ni 7. Namba ikishuka, uchachu unaongezeka. Maziwa yaliyoganda vizuri kwenye kibuyu yapo karibu na 4. Tumbo la ng'ombe anayekula nyasi liko kati ya 6 na 7, na hapo mikasi ya selulosi inafanya kazi. Likishuka chini ya 6, bakteria wa nyasi wanadhoofika na kazi inasimama.

Kinachozuia uchachu ni mate. Ng'ombe mkubwa anaweza kutoa mate lita 100 au zaidi kwa siku, na mate hayo yana magadi ndani yake. Anayatoa kwa wingi anapotafuna na kucheua. Nyasi ndefu zinamfanya acheue saa nyingi. Nafaka na unga hazimcheulishi.

Sasa kiangazi kimebana, ng'ombe amedhoofika, mfugaji anauza mbuzi wawili na kununua gunia la mahindi. Anamwaga karai zima mbele ya ng'ombe mwenye njaa. Wanga unafunguka haraka sana. Bakteria wengine, wanaopenda wanga, wanaongezeka kwa saa chache na kutoa asidi kali. Namba ya uchachu inashuka hadi chini ya 5. Ndani ya siku moja au mbili ng'ombe anaacha kula, tumbo linasimama, anaharisha kinyesi laini chenye harufu ya uchachu, anayumba, analala na hanyanyuki. Wengi wanakufa kati ya siku ya 1 na ya 3.

La kufanya:

1. Anza na nusu kilo ya pumba au nafaka iliyoparazwa kwa siku kwa ng'ombe mkubwa, ukigawa asubuhi na jioni. Aliyedhoofika sana aanze na kidogo zaidi ya hapo.

2. Mpe nyasi au hei kwanza, ndipo pumba. Usimpe pumba akiwa na tumbo tupu.

3. Ongeza kidogo kidogo kila baada ya siku 3, kwa muda wa wiki 2. Bakteria wanahitaji muda huo kuzoea. Ng'ombe wa kienyeji asiyekamuliwa asizidi kilo 2 kwa siku.

4. Wagawie mmoja mmoja au kwa makundi ya wanaolingana nguvu. Ukimwaga pamoja, mwenye nguvu atakula sehemu ya watatu.

5. Funga ghala vizuri. Ng'ombe aliyevunja mlango usiku na kula gunia ni wa kuitiwa daktari asubuhi hiyo hiyo, hata kama bado anaonekana mzima.

Akishapata dalili nilizotaja, ondoa nafaka yote, mpe hei tu, na umwite mtaalamu mara moja. Usisubiri alale.

SWALI LA 4: BAKTERIA ANAHITAJI NINI ILI AKITENGENEZE?

Hili ndilo jibu la mzee wa boma lile.

Kimeng'enya ni protini. Bakteria hawezi kutengeneza protini bila naitrojeni, ambayo anaipata kwenye protini ya malisho. Nyasi za masika zinayo ya kutosha. Nyasi za mwisho wa kiangazi protini yake inashuka sana. Ikiwa chini ya 7 katika kila sehemu 100 za malisho makavu, bakteria wanakosa cha kutengenezea mikasi, wala hawawezi kuongezeka. Nyasi zinakaa tumboni bila kukatwa. Tumbo likiwa limejaa, ng'ombe hawezi kula zaidi. Anasimama na tumbo lililojaa, huku mwili ukila mafuta yake wenyewe, kisha nyama yake. Yule ng'ombe tuliyempasua alikuwa na chakula tumboni. Alichokosa ni mikasi.

Kumwongezea nyasi kavu nyingine hakusaidii sana. Anahitaji kitu kidogo chenye protini, kila siku, ili bakteria waamke na kuzivunja zile nyasi alizonazo tayari.

Vitu vilivyo karibu nasi ni hivi:

Maganda ya migunga. Kusanyeni yanapodondoka au mtikise matawi kwa mti wenye kulabu. Kazi hii akina mama na vijana wanaijua vizuri. Yana protini zaidi ya mara mbili ya nyasi kavu. Yakaushe, uyaweke kwenye magunia mahali pakavu. Mbegu zake ni ngumu na nyingi hupita nzima hadi kwenye kinyesi, kwa hiyo yatwange kidogo kwenye kinu. Mbuzi konzi 2, ng'ombe mkubwa kilo 1 kwa siku, ni mwanzo mzuri.

Mashudu ya alizeti au ya pamba. Nusu kilo hadi kilo 1 kwa ng'ombe kwa siku inatosha kubadilisha hali ya tumbo. Kama fedha ni kidogo, wape ng'ombe wenye mimba na wanaonyonyesha kwanza.

Majani ya mlusina na mabua ya kunde, kwa walio na shamba.

Jiwe la chumvi lenye madini. Bakteria wanahitaji pia salfa na fosforasi.

MABUA YALIYOTIWA UREA

Kwa wanaolima mahindi, mabua yanaweza kuongezewa thamani kwa mbolea ya urea. Urea inafanya mambo mawili: inalegeza ule ugumu wa lignini ili mkasi upenye, na inawapa bakteria naitrojeni.

1. Pima mabua makavu kilo 100. Yakatekate vipande vya urefu wa kiganja.

2. Yeyusha urea kilo 4 kwenye maji lita 50. Koroga mpaka isibaki hata chembe.

3. Tandika turubai la nailoni kwenye shimo. Panga mabua tabaka kwa tabaka, nyunyizia maji ya urea sawasawa, shindilia kwa miguu.

4. Funika kwa nailoni, ziba kwa udongo hewa isipite. Acha siku 21.

5. Kila siku toa kiasi cha kulisha, kianike kivulini saa kadhaa mpaka harufu kali ipungue, ndipo ulishe. Anza na kidogo ukichanganya na nyasi, ongeza kwa muda wa wiki 2.

ONYO. Urea ikizidi ni sumu. Usimlambishe mnyama urea yenyewe, na usiache maji ya urea mahali mnyama anaweza kuyafikia. Ndama chini ya miezi 6 na punda wasipewe kabisa. Ng'ombe aliyeadhirika hutetemeka, hutoa mate mengi, hujaa gesi na huanguka haraka. Mwite mtaalamu mara moja. Kama kuna siki nyumbani mwambie kwenye simu, kwa sababu siki lita 2 hadi 4 pamoja na maji mengi baridi hupunguza nguvu ya sumu hiyo kwa ng'ombe mkubwa akinyweshwa mapema na kwa uangalifu.

NDAMA HAZALIWI NA BAKTERIA HAWA

Ndama anapozaliwa tumbo kuu ni dogo na halina kazi. Maziwa yanapita kando yake na kwenda tumbo la nne. Bakteria anawapata kwa mama yake anapomlamba, kwa ndama wenzake na kwa majani anayoonja. Kwa hiyo, kuanzia wiki ya 2 mwekee majani laini na maji safi. Anayoyala ni kidogo, lakini ndiyo yanayowakaribisha bakteria. Ndama aliyefungiwa kwa maziwa tu kwa miezi mitatu, kisha akaachwa ghafla malishoni, atatoka kitambi na miguu myembamba, kwa sababu tumbo halijajifunza kuvunja nyasi.

JINSI YA KUJUA KAMA TUMBO LINAFANYA KAZI

Simama upande wa kushoto wa ng'ombe. Kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga kuna bonde. Bonyeza ngumi yako hapo, utulie dakika 2. Tumbo zima litakusukuma mara 2 hadi 4. Likikusukuma mara moja tu, au lisipokusukuma kabisa, kuna tatizo.

Watazame ng'ombe wakiwa wamepumzika mchana au usiku. Wengi wanapaswa kuwa wanacheua. Kundi lililolala na vinywa vimetulia linakuambia jambo.

Tazama kinyesi. Kikiwa kikavu, kimepangana kama matofali na kina vipande virefu vya nyasi, bakteria wamekosa protini au maji. Kikiwa chepesi, cha kijivu na chenye harufu ya uchachu baada ya kulishwa nafaka, wamezidiwa na wanga.

Ukaguzi huu uanze nyasi zinapoanza kukauka. Ng'ombe akishashindwa kunyanyuka mwenyewe, kumrudisha ni kazi ngumu, na mara nyingi tunamkosa.

Mzee yule nilirudi kwake mwaka uliofuata, kabla kiangazi hakijakolea. Nilikuta magunia ya maganda ya migunga yamepangwa karibu na zizi la ndama. Nikamweleza habari ya mikasi jinsi nilivyowaeleza hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi kumbe nina mifugo mingine ndani ya mifugo, na hao sijawahi kuwahesabu."

Kabla nyasi hazijaisha, hesabu maganda, mashudu au hei uliyonayo, ugawe kwa idadi ya ng'ombe wako wenye mimba, wanaonyonyesha na walio dhaifu. Ukiona havitoshi, mwone afisa mifugo wa kata yako mapema, mpange pamoja nani alishwe na nani auzwe akiwa bado ana bei.